Picha ya Bosi Juu ya Ndigana

Nzuguni, Jumatano

Bosi anasema eti ukurasa umependeza!

Ule ukurasa wa ndigana ya ng'ombe kwenye wiki ya idara ya mifugo, ile tovuti tunayoihariri wenyewe, niliupanga mwenyewe: dalili juu, tiba chini yake, basi. Bosi akaja juu. "Itifaki iko wapi, binti? Tanguliza picha yangu, kisha salamu za uongozi." Nikaupanga upya. Ningefanyaje, na mkataba wenyewe unaisha karibuni?

Leo asubuhi mjomba kapiga simu kutoka Chemba, ndama wake anahema kwa shida. Nilikuwa kikaoni. Nikamjibu harakaharaka afungue ukurasa wetu, kila kitu kipo.

Jioni nikampigia.

"Mpwa wangu, nimeshusha, nimeshusha, mpaka bando likakata. Nimeona suti tu."

Nikamuulizia ndama.

"Tumeshamfukia."