Wamepima Mapazia ya Chumba Changu

Chumbani kwangu (bado ni changu),
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Leo nimeapa kukueleza yote, hata yanayonitia aibu. Lakini kwanza, hujambo? Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za ofisini? Sisi tu wazima. Mkono wa Baba umepona, anashika randa kama zamani. Mama anakohoa kidogo, ila anasema ni vumbi la mbao, tusimtafutie ugonjwa.

Shangazi, nyumba yetu imo hatarini. Baba alikopa benki anunue mashine ya kupasulia mbao, akaiweka nyumba rehani. Alipokatwa na msumeno akakaa miezi bila kazi, marejesho yalisimama. Benki wakipiga simu hapokei, eti atawapigia akiwa na la kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa wanasema tusipoelewana nao kabla ya mwisho wa mwezi ujao, nyumba itapigwa mnada.

Na Baba unavyomjua! Aliposikia ofisa wa benki anakuja kukagua nyumba, alishinda wiki nzima akinyoosha milango na kupiga vanishi, hadi fremu ya choo. Alitaka waone kwamba sisi ni watu makini. Ofisa alizunguka, akagonga mlango mmoja mmoja, akatabasamu.

"Hongera, fundi. Nyumba kama hii haitakosa mnunuzi mnadani."

Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia.

Kesho yake alimburuta Baba hadi benki. Kumbe yule ofisa si mtu mbaya. Alisikitika tu kwamba wengi huenda kwake wakiwa wamechelewa. Aliwaeleza kwamba wanaweza kuiuza nyumba wenyewe kabla ya mnada, maana mnadani bei huanguka, na deni likiisha kinachobaki ni chetu. Au waipangishe, kodi iende kwenye deni. Au benki irefushe muda wa mkopo na kupunguza marejesho ya kila mwezi, ila kwa kuwa Baba ameshakwama mara moja, watataka mdhamini mwenye mshahara.

Baba amechagua kupangisha. Sisi tutahamia karakana, huko nyuma. Ningevumilia, Shangazi, kama si Futikamba.

Futikamba ni binti wa muuguzi anayetaka kupanga. Jina nimempa mimi. Tuko rika moja, ila yeye nywele zimekaa vizuri na sare yake haina kiraka. Jana walikuja kuangalia. Mama akamtilia chai kwenye kikombe cha wageni. Akaingia chumbani kwangu, akafungua dirisha langu, akamwambia mama yake, "Mama, hapa mapazia ya kijani yatapendeza." Akaomba kitu cha kupimia. Baba akatoa futikamba yake mfukoni, ile ninayokemewa nikiigusa tu, akampa! Tena akamshikia ncha na kumfundisha kuisoma.

"Huyu mtoto ana jicho la fundi," akasema.

Mimi nilisimama mlangoni na macho yangu mawili ya bure.

Halafu akamwahidi rafu ya vitabu ukutani. Rafu hiyo nimeiomba tangu darasa la tano. Wageni walipoondoka nikamuuliza, naye akanijibu, "Mama wee, yule ni mteja. Wewe ni wangu, utasubiri."

Shangazi, kuwa wake kumeanza kunichosha.

Kibaya zaidi, Futikamba hana ubaya. Aliniuliza kwa upole, "Sasa wewe utalala wapi?" Nikamjibu kwamba kwetu ni kukubwa. Angenidharau, ningemchukia kwa raha. Sasa wivu umenikwama kooni kama mwiba wa samaki: haumezeki, hautemeki.

Muuguzi anataka jibu kabla ya mwezi huu kuisha. Mama anaona afadhali kurefusha mkopo. Mashine inafanya kazi, oda za madawati zimerudi, na marejesho yakipungua Baba atayaweza. Mama alipokutaja wewe, Baba aligoma kabisa.

"Siwezi kumtwisha mdogo wangu mzigo wangu."

"Kuomba si kuiba," Mama akamwambia, lakini Baba alikuwa ameshawasha mashine asisikie.

Kwa hiyo Mama ameniruhusu nikuandikie. Baba hajui. Sikufichi kwamba mkopaji akishindwa, mdhamini ndiye hudaiwa. Ofisa alilisema hilo waziwazi. Wala sikufichi kwamba sijui kama nakuomba kwa ajili ya nyumba, au kwa sababu simtaki mtu dirishani pangu. Labda ni yote mawili. Lakini juzi nilimwona Baba akipapasa mlango wa mbele kwa kiganja, polepole, kama anayempapasa mgonjwa. Hapo Futikamba hakuwemo.

Nisalimie mapacha, umwambie mdogo wao kwamba jino litaota tu. Mama anakusalimu sana. Baba naye angekusalimu kama angejua. Mungu akuzidishie afya, akulinde uendako na urudipo.

Mimi akupendaye, na nitakupenda hata ukikataa,
Binti wa kaka yako.

N.B. Dereva wa basi aliyekuletea barua hii anarudi huku kesho asubuhi, mpe jibu, hata la neno moja: utakubali kumdhamini Baba?