Mama Aliyelala Nikihubiri

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika; marahaba, mama. Hapa Mkolani hatujambo. Goti la bibi yako limepona na ameanza tena kuanika dagaa.

Unauliza kama watu waliwahi kulala nikihubiri, maana huko chuoni wamelala ulipohubiri, na sasa unataka kuacha kuhubiri.

Nilikuwa na umri wako nilipohubiri mara ya kwanza, kanisani Kigongo. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umefunika ziwa, na upepo mwanana ukiingia madirishani. Nilipofika katikati, mama mmoja wa benchi la mbele akalala fofofo. Nilimaliza kwa shida.

Baada ya ibada mama yule akanifuata, nikajua anakuja kuomba radhi.

“Mwanangu,” akasema, “tangu nimzike mume wangu sijapata usingizi. Leo uliposema Mungu yuko macho, nikaona basi, acha na mimi nipumzike.”

Nilirudi nyumbani nikifuata ufuko, maji na mbingu vikiwa rangi moja, natembea kama niko ndotoni. Neno linatua wapi ndani ya mtu, hadi leo sijui.

Jumapili iliyofuata nilihubiri tena, kwa sauti ya chini kidogo.

Babu yako anayekuombea