Santuri Isiyouzika

Uyole, Jumamosi, Juni 1975

Hata chakula kimenishinda. Santuri mpya ya ile bendi ya Iringa tunayoipenda hainunuliwi, na isiponunuliwa hawatarekodi tena. Walitutangazia wenyewe dansini.

Leo nimemuuliza mwenye duka la santuri, hivi watu wana nini. Akacheka. "Umenunua wewe tu, kaka. Si unawapigia pale kwako kila jioni? Wanunue ya nini?"

Nimerudi nyumbani sijielewi. Siku zote nilidhani naitangaza. Kumbe mimi ndiye...

Nimeifungia sandukuni. Sitaipiga tena mpaka wanunue za kwao.

Sasa hivi jirani yangu, Mama Tusa, amegonga ukuta. "Baba, mbona leo kimya? Tuwekee wimbo wetu basi."

Wimbo wetu, kasema. Nimefungua sanduku.