Mama, Kuhusu Ile Picha

Oman

Mama yangu, shikamoo.

Simu zangu hupokei, basi nakuamkia kwa kalamu. Goti bado linakusumbua? Dawa ya presha unameza kila asubuhi, au unasubiri mpaka kichwa kianze kuuma? Na mpunga wa Magu, mvua ziliukuta umeshapandwa? Sisi huku tuna uhai. Barua hii anakuja nayo mama Bhoke, mwenzetu wa Musoma anayerudi nyumbani likizo. Nimemwomba asimpe mtu mwingine yeyote, afike hapo Pasiansi akukabidhi wewe mkononi.

Kaka Masanja ameniambia ulichosema baada ya kuiona ile picha kwenye kundi la familia: kwamba Leticia uliyemzaa wewe havai buibui, na huyo aliyesilimu huna la kuongea naye.

Mama, sijasilimu. Nisikilize ilivyokuwa.

Ilikuwa Ramadhani, kama saa saba mchana. Baba Kulwa alikuwa kazini kwenye majokofu yao ya samaki, mimi niko nyumbani na mapacha. Upepo wa vumbi ulikuwa umevuma tangu asubuhi. Doto akaanza kukohoa, nikadhani ni mafua. Mara namsikia Kulwa anaita, "Mama, njoo! Doto anashindwa kuongea!"

Nikamkuta ameshikilia meza kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka, midomo imekuwa rangi ya majivu. Nikampigia baba yao, hapatikani. Kule ndani ya vyumba vya barafu simu haishiki. Nikambeba Doto, Kulwa akanishika khanga, tukatoka hivyo hivyo, mimi na blauzi isiyo na mikono, miguu peku. Nje hakuna mtu. Hakuna teksi, maduka yote yamefungwa. Nilisimama juani nikapiga kelele kwa Kiswahili kama niko sokoni Kirumba.

Mlango wa jirani ukafunguka. Yule mama wa Kiarabu, Umm Khalid, tangu tuhamie tulikuwa tunapungiana mikono tu, maana mimi Kiarabu sijui na yeye Kiswahili hajui. Nikakumbuka neno moja ambalo Kulwa alifundishwa shuleni, la kwao na letu linafanana.

"Tabibu! Tabibu!"

Alimtazama Doto mara moja tu. Akaingia ndani, akatoka na funguo za gari na buibui lake mwenyewe, akanivika palepale nikiwa nimembeba mtoto. Njia nzima aliendesha huku anasema maneno nisiyoyaelewa. Mimi nilikuwa nasali Baba Yetu. Nafika kwenye "utupe leo," nasahau kinachofuata, naanza upya.

Hospitali wakamvalisha kile kifuniko cha mdomoni cha kuvutia dawa. Sijui tulikaa muda gani. Nikamsikia Doto anasema, "Mama, kiu." Ndipo nikalia. Umm Khalid akaenda kumtafutia maji, na yeye mwenyewe hajanywa hata tone tangu alfajiri. Baba Kulwa alipofika ndiye aliyetupiga picha, ili muone kwamba mtoto yuko hai. Nyinyi mkaona nguo.

Nisikudanganye. Lile buibui nilipotaka kumrudishia alikataa, na mpaka leo nalivaa nikienda dukani. Kanisani tunakwenda Ijumaa, maana Jumapili huku ni siku ya kazi, na tusipopata usafiri tunasali hapa sebuleni na Watanzania wenzetu. Kama nimekosea, nigombeze mimi. Yule mama usimseme vibaya. Hilo sitalivumilia, hata kutoka kwako.

Kuna jingine. Doto amebanwa tena na kifua mara mbili. Daktari ametuambia wazi kwamba vumbi la huku halimfai. Tulibishana na baba Kulwa siku tatu.

"Mkataba umebakiza mwaka mmoja tu," akaniambia.

"Na kifua cha mtoto kimebakiza nini?"

Akaondoka kwenda kazini bila kunywa chai. Aliporudi alikaa chini pembeni ya Doto, akawa anamsikiliza anavyopumua. Kesho yake akaenda kwa msimamizi wake. Wamekubali turudi mimi na watoto. Yeye abaki amalizie. Mama, mwanaume yule sijawahi kumwona akikunja nguo za watoto. Sasa anazikunja, anazikunjua, anazikunja tena.

Nisalimie kaka Masanja na wifi, na mama mdogo wa Magu. Nisalimie na shangazi wa kwaya, aliyewahi kutangaza kwamba nimesilimu kabla hajaniuliza. Mwambie sina kinyongo, ila angeuliza. Baba Kulwa anakuamkia. Aliniomba niandike kwamba ni yeye aliyeituma ile picha, siyo mimi.

Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, tunatua Mwanza. Masanja amesema kwake Nyamagana kuna chumba, tukikosa pa kufikia. Mapacha hawana habari na hicho chumba. Kila siku wanagombania nani atalala upande wa ukutani kwenye kitanda chako. Jana Doto ameniuliza, "Mama, bibi anajua kwamba tunakuja?"

Sijamjibu.

Ni mimi mwanao,
Leticia