Mti Wenye Mimba wa Nzilo

Yaya, dada yangu mkubwa,

Walipokuzika kule Musonoi nilikuwa huku Kananga, tulikoletwa na treni tulipofukuzwa Kolwezi tukiitwa wageni. Wewe ulibaki kwa mumeo. Sikuja. Leo nakuandikia kwa sababu ya kuni.

Unakumbuka kile kilima upande wa Nzilo? Niliinua panga nikate tawi la kuni, ukanishika mkono. Gome lilikuwa limetoboka, na vijiua vyekundu vimechomoza humo, vidogo kama vichwa vya njiti za kibiriti, bila jani hata moja.

“Acha! Muti uyu iko na mimba.”

“Mimba ya nani?”

“Ya mwizi. Anakulaka mu nyumba ya benyewe, anatokaka inje siku ya feti tu, na bilamba bipya!”

Huyo mwizi anayetoka siku ya sherehe tu, na nguo mpya: ulisema kweli kuliko ulivyojua. Mjukuu wangu Ngalula anasomea mimea, na anautafuta mmea huohuo. Anasema mwili wake ni nyuzi zilizojificha ndani ya mti. Ua tu ndilo hutoka. Umeonekana mahali pachache mno. Basi huipa kompyuta mahali hapo, pamoja na mvua, joto, udongo na miti inayoubeba, nayo hupaka rangi kwenye ramani kila mahali ambapo ungeweza kuishi.

Sikumwambia habari za kilima chetu. Nilitaka kuona kama ramani itakijua yenyewe. Ikakijua, Yaya: doa jekundu, juu kidogo ya maji ya Nzilo. Ndipo nikamwambia.

“Nkambo! Ulinifichaka juu ya nini?”

“Nilikuwa nampima huyo fundi wako wa rangi.”

“Basi sikia, babu yangu. Ramani inasema unaweza kuishi pale. Haisemi uko pale.”

Neno hilo limenikaa moyoni. Mtu angeweza kulisema juu yangu na Kolwezi.

Mwezi uliopita alikwenda kilimani. Nilikaa na simu mkononi, nikiogopa kwamba mgodi wa huko umekwisha kukila kilima. Kipo. Miti ile ipo. Maua hakuyaona, si majira yake.

Lakini katika daftari hakuandika “haupo”. Aliandika “haujaonekana”. Nikamuuliza tofauti yake.

“Pengine uko ndani ya muti, Nkambo, unangoja feti. Turudie pamoja wakati wa maua.”

Nimekubali. Kwanza nitapita Musonoi, nikusalimie kaburini. Panga sibebi.

Mdogo wako,
ambaye bado hajaonekana