Yetu Inazunguka Kushoto

Jumamosi, 5 Agosti 2023

Nimeipata! Distribyuta ya kielektroniki, kile kigawa cheche cha injini, nzima kabisa, kutoka kwenye Pontiac ya 1976 iliyozama majanini kule kwenye uwanja wa magari chakavu. Nimezungusha mhimili wake kwa vidole — laini, hautikisiki. Ile ya zamani kwenye Pontiac GTO yangu mhimili unacheza kama jino bovu, kwa hiyo cheche inazifikia plagi inapojisikia. Miaka yote hii ya kulifufua gari, rangi tayari, viti nimeshona mwenyewe — nilishona viti kiwandani mpaka nikastaafu, vyangu vingenishinda? — halafu nikwamishwe na kidude kinachoenea kwenye kikapu!

Royce alikuja nami. Jirani yangu, mgane, mtu wa Kentucky, na Chevrolet ndiyo dini yake. Hata kofia aliyovaa ni ya Chevrolet. Akasema ya Chevrolet tungeipata kwa urahisi zaidi. Nikamwambia ya Chevrolet haiingii kwenye Pontiac hata uipigie magoti. Akacheka, akaibeba yangu mpaka kwenye pikapu kama mtoto mchanga.

Mwezi wa Aprili huyu Royce, akiwa amelala chini ya gari langu, aliniomba nimwoe. Yaani anioe. Miguu tu ndiyo niliyoiona. Nikaiambia ile miguu: GTO likifika barabara ya Woodward kwa nguvu zake lenyewe, nitakujibu. Nilikuwa natania. Nusu.

Siku ya magari ya kale Woodward ni tarehe kumi na tisa.

Jumapili, 6 Agosti

Dada yangu Tekla kaja baada ya misa na sahani ya pierogi za kabichi, moto kutoka jikoni. Kanisema mpaka zikapoa. Eti nimefika miaka sitini na saba bila mume, halafu naenda kuokota mtu wa Chevrolet! Marehemu baba, aliyefunga injini za Pontiac ujana wake wote, atageuka kaburini. Nikamwambia sijamwokota mtu. Akauliza, basi mbona unacheka peke yako?

Jumatatu, 7 Agosti

Distribyuta imeingia! Royce ana mkono mzuri, lazima nikiri. Alitia alama mahali rota, kile kidole kinachozunguka ndani yake, ilipokuwa inatazama, akaitoa ya zamani, akaishusha mpya taratibu mpaka ikakaa. Akavuta na waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye swichi, maana hii ya kielektroniki inataka nguvu kamili ya betri, siyo ile ya kupunguzwa.

Kofia ya distribyuta hii, panapochomekwa nyaya za plagi, ina vichwa vya aina nyingine, nyaya za zamani haziingii. Tukaweka mpya zote nane. Royce alizipanga bila kutazama popote — zamu za silinda ni zilezile kwa Chevrolet na Pontiac, anazijua kama sala — huku akinisimulia maharage ya mama yake. Kesho tunawasha.

Jumanne, 8 Agosti

BUM!

Ulimi wa moto ulipanda kupitia kabureta ukalamba nyusi ya kulia ya Royce. Sasa anayo moja. Hakuumia, namshukuru Mungu, ila mbwa wa mtaa mzima walibweka. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Akasema, “Cheka, bibie. Uso huu ndio mtaji wangu wote.”

Tukajaribu tena. Likakohoa, likatema, likagoma.

Akaenda kunawa. Mimi nikainama juu ya injini — nikaona. Rota ya Chevrolet huzunguka kulia, kama saa. Ya Pontiac huzunguka kushoto. Baba alikuwa akituchorea kwa kidole juu ya kitambaa cha meza, mimi na Tekla: “Yetu inazunguka kushoto, msije mkasahau.” Mkono wa Royce umekwenda kulia maisha yake yote, na nyaya zote kazipanga kulia. Mazoea yana taabu.

Alipotoka kunawa nikafungua mdomo nimwambie. Nikaufunga.

Kwa nini? Niseme basi, humu hasomi mtu. Likiwaka, litafika. Likifika, itanibidi nijibu. Naogopa!

Jumatano, 9 Agosti

Kaja mapema. Kasimama mbele ya injini muda mrefu, mkono juu ya kofia ya distribyuta. Kisha akanitazama. Nikajitia kufuta kioo ambacho kilikuwa safi tayari.

Akasema labda ni kabureta.

Kabureta! Safi kama sahani ya Krismasi. Kaifungua, kaenda nayo kwake. Nikamfungulia mlango. Mimi ni mtu mbaya.

Ijumaa, 11 Agosti

Bado anasafisha kabureta. Lakini kaja na chungu cha maharage na mkate wa mahindi, tukala tumekaa kwenye bampa. Kajaribu kufundisha jogoo wa jirani kuja akiitwa. Jogoo kakataa. Siku nzuri sana, sijui nimekula vipande vingapi.

Naogopa nini hasa? Nyumba yangu ina mto mmoja kitandani na kikombe kimoja kwenye msumari. Redio nasikiliza ninayotaka mimi. Royce anakoroma — namsikia ng'ambo ya ua akisinzia kwenye kiti chake cha bustani. Anatia chumvi kabla hajaonja! Na bado pikapu yake ikichelewa nachungulia dirishani. Leo nimechungulia mara tatu, na alikuwa amekwenda kununua mkate tu.

Jumatatu, 14 Agosti

Kabureta imerudi. Inang'aa, unaweza kujitazamia. BUM. Safari hii alisimama mbali.

Tekla kapita. Kaangalia injini, kaniangalia mimi. Naye ni binti wa baba yuleyule. Kasema kimya kingi kina mshindo, kachukua sufuria yake, kaondoka.

Alhamisi, 17 Agosti

Royce kaja bila spana. Kofia mkononi.

“Bernie,” akasema, “nimeshindwa. Na ile ahadi yako isikubane. Lisipofika Woodward, halikufika. Maharage tutaendelea kula.”

Akaweka kofia kichwani, akaenda kwake.

Nikabaki uani. Nikaingia ndani, nikafungua redio niliyoitaka mimi, kwa sauti niliyoitaka mimi. Ikanikera! Nikaizima. Nyumba ikawa kimya, na nikajua sikitaki kimya kile. Sikitaki hata kidogo. Nimekaa nacho miaka, kinatosha.

Nikaenda gereji. Nyaya mbili zilikuwa mahali pake tangu mwanzo, ukienda kulia au kushoto unazikuta palepale. Zile sita nikazihamisha, kushoto, kushoto, kidole cha baba mbele yangu. Nikaketi kwenye kiti nilichokishona, nikageuza ufunguo.

Ee Mungu wangu! Halikukohoa hata mara moja. Limenguruma mpaka makopo ya rangi yakacheza rafuni, nikalia na kucheka kwa pamoja, nikapiga usukani kama kichaa. Royce kaja mbio, soksi moja mguuni, povu la kunyolea shavuni. Kasimama mlangoni.

“Limewaka,” akasema.

“Limewaka,” nikasema.

Hakuuliza nimefanya nini. Ajabu. Mtu wa injini asiulize!

Jumamosi, 19 Agosti

Naandika nikiwa Woodward! Shajara juu ya usukani, kalamu inaruka kwa sababu sijazima injini. Sitaki kuizima. Tumefika kwa nguvu zetu wenyewe kutoka nyumbani Ferndale, madirisha wazi. Tumeegesha kando, magari yanapita mbele yetu bila mwisho, na watoto wanatupungia mikono.

Royce hajauliza kitu njia nzima. Kaongelea hali ya hewa! Royce!

Sasa hivi kijana mmoja mwenye Chevrolet ya bluu alisimama kuitazama injini yetu. Akamtania Royce, mzee, kofia hiyo na gari hili, umepotea njia? Kisha akauliza kama distribyuta ilisumbua. Nilikuwa humu ndani, boneti liko juu, hawakuniona. Royce akajibu, “Aa, ilinisumbua siku moja tu. Hii inazunguka kushoto, bwana. Niligundua nikiwa nyumbani napaka nyusi mafuta.”

Siku moja tu!

Nikatoa kichwa dirishani. “Royce! Uligundua lini?”

Masikio yakamwiva. Kijana akaona mambo si yake, akaondoka. Royce akafunga boneti, akaja dirishani, akatazama viatu vyake.

“Ile Jumanne,” akasema. “Jumatano nilikuja niipange upya. Nikauona uso wako, bibie. Nikasema, kama hataki liwake, mimi nani niliwashe?”

“Na kabureta?”

“Kabureta ilikuwa safi. Ilibidi nishike kitu.”

Akasema anakwenda kuleta aiskrimu. Akakimbia, kwa kweli, kwa umri wake ule.

Siku zote hizo! Anasafisha kitu safi, mimi nafuta kioo safi, wazee wawili wazima! Nimecheka mwenyewe humu, watu wananitazama. Sina hofu hata chembe. Naitafuta siioni.

Namwona ng'ambo ya barabara. Aiskrimu mbili mkononi, magari hayampi nafasi. Jua kali. Amevua kofia ya Chevrolet — nilidhani anataka kujipepea — kumbe anaifunika aiskrimu isiyeyuke. Moja tu. Ya vanila, yangu. Yake inamtiririka mpaka kwenye kiwiko na wala haangalii.

Pengo limepatikana. Anavuka. Mlango wa upande wake huwa unakwama kwa nje, ngoja nimfungu—