Glasi ya Zaza

Kakheti, 14 Oktoba 2013

Kaka Otari,

Salamu nakupa kwa sababu mama alitulea hivyo. Sisi wazima, zabibu zimeingia mitungini zote, mgongo unauma kama kawaida. Huko Tbilisi hamjambo?

Sasa nikuulize. Nani alikupa ruhusa? Meza yangu, mvinyo wangu, majirani wangu wamechoka na mavuno. Nikakupa wewe usimamie meza, uwe tamada, kwa kuwa mdomo wako mtamu. Ukafika kwenye glasi ya kuwakumbuka marehemu, ukamtaja baba, ukamtaja mama, ukamtaja mume wangu Givi, vyema. Halafu ukasema “na Zaza wetu”. Watu wakadondosha mvinyo kwenye mkate, kama wafanyiwavyo wafu! Kwa mwanangu! Hakuna aliyegonganisha glasi!

Zaza alikwenda vitani Sukhumi ana miaka kumi na tisa. Hakurudi, sawa. Lakini kaburi liko wapi? Nani alimwona amelala? Kila sherehe miaka yote hii naye hunywewa kwenye glasi ya watoto, na walio hai, tunagonga kwa nguvu mpaka zinavunjika. Wewe umemuua mezani kwangu, huku umeshika pande la nyama.

Usinipigie simu. Sauti yako siitaki.

Dada yako,
Natela

Tbilisi, 2 Novemba 2013

Dada Natela,

Shikamoo dada. Mgongo vipi? Huku sote wazima, ila koo langu limekauka, jana kwaya yetu ilikuwa na tamasha. Baada ya kuimba tulifungua ule mvinyo wako wa dumu, nyuma ya jukwaa, kikombe kimoja watu kumi na wawili. Wazee wakaniambia, “Otari, mvinyo wa dada yako unakushinda kuimba; yeye ndiye aje, wewe ubaki na kupalilia mizabibu.” Nilicheka, kisha nikakosa raha kabisa.

Ulimi uliteleza, dada. Sitakudanganya: uliteleza kwa sababu moyoni nilishamzika. Naomba radhi, sikuwa na haki.

Ila kuna jambo. Wanafukua makaburi ya vita kule Sukhumi, na hapa mjini kuna ofisi inachukua damu za akina mama kulinganisha na mifupa. Njoo utoe. Kama hayumo, si utanitukana vizuri zaidi?

Kaka yako mdogo,
Otari

Kakheti, 9 Juni 2014

Otari,

Umeamkaje huko? Sisi tunashukuru, mvua ya mawe imetupita, imewapiga wa bondeni.

Damu nimetoa. Nilikuja mjini mwezi wa tatu, nikapita chini ya dirisha lako, sikupanda. Yule binti wa ofisini aliniuliza wakimpata Zaza wampigie nani. Nikasema kaka yangu, mimi milimani mtandao haushiki. Uongo. Naogopa tu kuipokea simu hiyo.

Maka anaolewa Septemba. Ndiyo, binti yangu, yule uliyesema ataozea jikoni! Amempata fundi wa mapipa, mpole, anakula kama ng'ombe. Nitaufungua mtungi niliouziba alipozaliwa. Wanakijiji hawataki tamada mwingine, wanasema harusi bila Otari ni kikao cha shule. Basi njoo. Lakini uniapie: Zaza utamtaja na walio hai. Ukikosea tena, sina kaka.

Dada yako,
Natela

Tbilisi, 30 Septemba 2014

Dada yangu Natela,

Shikamoo. Natumaini miguu imepumzika baada ya dansi ile, na wageni wa mwisho wameondoka.

Keti kwanza. Kama Maka yupo, mwite akae nawe.

Ofisi ilinipigia Alhamisi, harusi ikiwa Jumamosi. Ni yeye, dada. Wamepata taya na mfupa wa paja katika shimo moja na wenzake saba, na damu yako imekubali. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba mpaka mke wangu akaja kuniinua. Nikafikiri: nikimwambia leo, nyama zimeshachinjwa, bwana harusi yuko njiani, Maka ataolewa kwenye matanga. Nikanyamaza.

Nilikuwa nimekuapia. Nikasimama na pembe ya mvinyo mkononi, nikasema, “Kwa watoto wetu, walio hapa na walio mbali! Zaza, popote ulipo, uwe na afya!” Uwanja mzima ukaitikia. Ukaja ukagonga na mimi, ukacheka, ukanibusu shavuni kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Nilijua, nawe ukanibusu. Nikaenda nyuma ya zizi nikatapika, vijana wakanizomea: “Mzee Otari, mvinyo umekushinda!” Wacha wacheke.

Nilitaka kukuambia kesho yake, mdomo ukakataa. Ndiyo maana naandika. Sijui kama nimekutendea wema au nimekudhulumu.

Kaka yako,
Otari

Kakheti, 7 Oktoba 2014

Otari,

Leo usiniulize hali.

Barua yako Maka alinisomea mara mbili, ya pili hakuimaliza. Sikulia mpaka jioni, nilipoenda kukamua ng'ombe. Nilicheza dansi, Otari! Mwanangu yuko kwenye boksi huko mjini, mimi nacheza na nimevaa viatu vyekundu. Kuna saa nakulaani. Kuna saa namtazama Maka, alivyong'aa siku ile, naimeza laana hiyo.

Mlete Jumamosi. Kaburi wamechimba karibu na Givi. Wali wa msiba atapika jirani, samaki wapo, na mvinyo ni huo huo wa Maka, nimebakiza madumu mawili.

Wanaume wanasema wewe usimamie meza. Nimekataa. Nitamtaja mwenyewe, na anayeona mwanamke hafai kusimama kwenye glasi ya marehemu ale kwake. Wewe keti kulia kwangu. Nikishamtaja, unishike mkono, uushike kwa nguvu. Miaka ishirini na moja jina lile likitajwa nanyanyua glasi na kugonga. Usiniache nigonge.

Dada yako,
Natela